Kutawala Nchi Isiyokuwepo

Katika kujifunza uongozi kwa kuigiza, wanajeshi ndio waliotangulia. Mwaka 1824, mjini Berlin, luteni kijana wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, aliitwa mbele ya wakuu wake aonyeshe mchezo wa vita ambao baba yake alikuwa ameubuni miaka kadhaa nyuma na yeye akauboresha. Akatandaza ramani mezani, akapanga juu yake vibao vidogo vyekundu na vya samawati, kila kibao kikisimama badala ya kikosi. Hasara ziliamuliwa kwa kurusha dadu. Kati ya pande mbili alikaa mwamuzi, ambaye peke yake ndiye aliyeona kila kitu. Wachezaji waliambiwa yale tu ambayo kamanda angeweza kuyajua akiwa uwanjani. Inasimuliwa kwamba mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling, alianza kutazama bila hamu, na hadi mchezo unakwisha alikuwa ameshakata shauri kwamba ufundishwe katika jeshi zima.

Sataranji ilikuwepo karne nyingi kabla ya hapo, kwa hiyo vibao havikuwa jambo geni. Jambo geni lilikuwa kwamba ofisa aliweza kukosea, akayaona matokeo ya kosa lake siku hiyohiyo, akaulizwa mbele ya wenzake kwa nini aliamua vile, na hakuna aliyezikwa. Mafunzo yote ya utawala kwa njia ya kuigiza yametoka kwenye wazo hilo, kuanzia mabaraza ya wanafunzi wanaojifanya Umoja wa Mataifa hadi kompyuta zinazokokotoa joto la dunia. Lakini lilichukua zaidi ya karne moja kutoka kambini na kuingia kwenye ofisi za serikali.

Liliingia katika miaka ya 1950, nchini Marekani, likisukumwa na hofu ya bomu la nyuklia. Katika shirika la utafiti la RAND, kule Santa Monica, wanasayansi wa jamii Herbert Goldhamer na Hans Speier waliona kwamba hesabu peke yake haziwezi kueleza serikali itafanya nini ikibanwa. Wakawagawa wataalamu katika vikundi: hawa ni serikali ya Marekani, hawa ya Urusi, hawa nchi nyingine. Wengine wakapewa kazi ya kuwa majaliwa, yaani kuleta yale ambayo hakuna serikali inayoyapanga: kiongozi kufa ghafla, mavuno kuharibika, ghasia kuzuka. Ni jambo la hekima kwamba walikikumbuka kiti hicho, maana mipango mingi ya maendeleo huandikwa kana kwamba majaliwa hayana kiti. Haukupita muda, Harold Guetzkow akawa anaendesha zoezi la aina hiyo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na Lincoln Bloomfield akafanya vivyo hivyo kule MIT. Mwanafunzi wa siasa akaacha kusoma tu habari za waziri aliyekwama. Akakwama yeye mwenyewe, mchana kweupe, wenzake wakimtazama.

Tukio la kuhuzunisha kuliko yote katika historia hii lilitokea ndani ya Pentagon mwaka 1964. Ofisi ya michezo ya vita ya wakuu wa majeshi ya Marekani iliandaa mazoezi mawili kuhusu Vietnam, SIGMA I mwezi Aprili na SIGMA II mwezi Septemba. Swali kubwa lilikuwa hili: Marekani ikiishambulia Vietnam Kaskazini kwa ndege, ikiongeza mashambulizi kidogo kidogo, je, Hanoi itaacha kuwasaidia wapiganaji wa kusini? Walioketi kwenye SIGMA II walikuwa wenye nchi hasa. Alikuwemo McGeorge Bundy, mshauri wa rais wa mambo ya usalama. Alikuwemo Jenerali Earle Wheeler, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, na Jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga, na John McNaughton kutoka wizara ya ulinzi.

Timu iliyocheza upande wa Hanoi haikuvunjika moyo. Mabomu yalipoongezeka, nayo iliongeza watu na silaha kusini. Vita ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwisho wa mchezo upande wa Marekani ulibaki na njia mbili mbaya: kuzama zaidi au kurudi nyuma kwa aibu. Majibu yakaandikwa, yakafungwa kwenye majalada.

Miezi sita baadaye, Machi 1965, ndege zikaanza kuishambulia Vietnam Kaskazini kwa mtindo uleule wa kuongeza kidogo kidogo. Tarehe 8 mwezi huohuo wanamaji wa Marekani wakateremka Da Nang kuulinda uwanja wa ndege. Vita ile iliua zaidi ya Wamarekani 58,000, na Wavietnam zaidi ya milioni moja.

Sababu za kutosikiliza zimeandikwa sana: hofu ya uchaguzi, kiburi, mashaka juu ya mchezo wenyewe. Mimi natilia mkazo namna mchezo ulivyopangwa. Kulikuwa na ngazi mbili. Wakubwa walikuwa timu ya sera, wakiketi kwa muda mfupi kutoa maamuzi. Kazi ya kutwa nzima, ya kuyaona mambo yakienda mrama na kutafuta pa kutokea, ilifanywa na maofisa wa chini yao. Aliyeonja matokeo hakuwa na kalamu ya kusaini, na mwenye kalamu aliletewa ripoti. Ripoti inasomwa na kuwekwa kando, ilhali fedheha ya kushindwa mbele ya wenzako haiwekeki kando kirahisi. Fedheha hiyo ndiyo mwalimu mwenyewe katika mafunzo ya aina hii, na pale Pentagon iliwapita wale waliokuwa wakiihitaji zaidi.

Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia vyuoni, na pamoja nazo likaja swali jingine, kwamba nani anaandika kanuni za nchi ya kuigiza. Mwaka 1968 John Collins, aliyekuwa ametoka tu kwenye umeya wa Boston, alipewa ofisi MIT, jirani na ofisi ya mhandisi Jay Forrester. Forrester alikuwa mtoto wa wafugaji wa Nebraska, mmoja wa waanzilishi wa kompyuta, na alikuwa ameshatunga njia ya kueleza kiwanda kwa milinganyo: ghala linajaa na kupungua, agizo linachelewa kufika, kosa la leo linaonekana baada ya miezi. Wawili hao wakaanza kuzungumza habari za miji. Collins akawaita watu waliojua Boston kwa ndani, Forrester akawasikiliza kwa miezi, akayageuza maneno yao kuwa modeli. Kitabu kikatoka mwaka 1969.

Kitabu hicho kilisema jambo lililowakera wengi: kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kunaudhoofisha mji, kwa sababu nyumba hizo zinakula ardhi ya viwanda huku zikiwavuta maskini zaidi wasio na kazi. Modeli ilitoa jibu hilo kila ilipoulizwa. Ila wakosoaji waliichungulia ndani, wakaona kwamba mji wa Forrester haukuwa na vitongoji vinavyouzunguka. Huko nje kulikuwa na dunia tu, isiyo na mipaka, inayotoa watu na kuwapokea. Boston ya kweli ilikuwa imezingirwa na vitongoji vya watu wenye nafasi walioondoka mjini na kodi zao. Ukiviacha hivyo nje ya hesabu, lawama yote itaangukia kwenye nyumba ya maskini, na kompyuta itaitoa lawama hiyo kwa namba safi zisizo na aibu.

Wazo la mji ulio ndani ya kompyuta halikuishia kwenye vitabu. Kijana mmoja wa California, Will Wright, aliyekuwa akitengeneza mchezo wa helikopta ya kivita, aligundua kwamba anafurahia zaidi kujenga visiwa vya kupigwa mabomu kuliko kuvipiga. Akamsoma Forrester. Mwaka 1989 ukatoka mchezo wa SimCity, na mamilioni ya watoto duniani wakawa mameya. Mwaka uliofuata gazeti la mji wa Providence, Marekani, liliwakalisha wagombea wa umeya waucheze. Mchezo ule uliwafundisha watu wengi jambo la kweli: kwamba barabara, umeme, kodi na ajira vimefungwa pamoja, ukivuta kimoja vinasogea vyote. Uliwafundisha pia, bila kusema, kwamba uhalifu unapungua ukijenga kituo cha polisi, na kwamba meya anaweza kubomoa mtaa kwa kubofya tu, wakazi wasitokee ofisini kwake na mabango. Mtoto anayecheza haoni kwamba hapo kuna maoni ya mtu. Anaona mji.

Sasa nifike kwenye sehemu inayotugusa sisi moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Ujerumani Magharibi, Dietrich Dörner, ambaye baadaye alikuwa profesa Bamberg, alitunga nchi. Akaiita Tanaland na kuiweka Afrika Mashariki. Katikati yake unapita mto Owanga, unaopanuka na kuwa ziwa Mukwa, na kando ya ziwa hilo upo mji uitwao Lamu. Wakazi wa Lamu hiyo ni Watupi, wakulima wa mashamba na bustani. Huko nyikani wapo Wamoro, wanaohama na ng'ombe na kondoo wao. Mavuno, uzazi, vifo, mifugo, panya, chui na maji vyote vilikuwa namba ndani ya kompyuta, zikivutana zenyewe kwa zenyewe.

Watu kumi na wawili walipewa Tanaland waitawale, kila mtu kwa zamu yake, kwa mamlaka ya kidikteta: walichoamuru kilitekelezwa, hakuna wa kukataa. Waliambiwa waboreshe maisha ya wananchi. Kila mmoja alikuwa na vikao sita vya kuuliza, kupanga na kuamuru, vilivyoenea katika miaka kumi ya mchezo.

Wote walikuwa na nia njema. Wakaleta mbolea na matibabu, wakapanua mashamba, wakawinda panya na nyani waliokuwa wakila mazao. Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri: chakula kiliongezeka, vifo vya watoto vikapungua, watu wakawa wengi. Wengi wa watawala waliamini kazi imekwisha. Kumbe watu waliongezeka kwa kasi kuliko chakula, na kuelekea mwaka wa nane njaa ikaja, kubwa kuliko ile ambayo Watupi waliwahi kuishi nayo kabla ya kusaidiwa. Panya na nyani walipouawa, wadudu waliokuwa wakiliwa nao wakazidi, na chui waliokosa mawindo wakaigeukia mifugo. Kati ya wale kumi na wawili, mmoja tu ndiye aliyeifikisha nchi mahali pa utulivu.

Dörner hakuwa akipima nchi; alikuwa akiwapima watawala. Alihesabu maswali waliyouliza na amri walizotoa. Katika kikao cha kwanza maswali yalikuwa mengi na amri chache. Kikao kwa kikao maswali yakapungua na amri zikaongezeka, hadi mwishoni watu walikuwa wakiamuru bila kuuliza, na walifanya hivyo huku nchi ikizidi kuwaponyoka. Mshiriki mmoja alipoletewa habari ya njaa alijibu kwamba itawabidi wafunge mkanda kwa ajili ya wajukuu wao. Tena akaongeza kwamba wanaokufa ni wazee na wanyonge, jambo ambalo kwa muundo wa idadi ya watu si baya. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyeshindwa, aliyekuwa akitafuta namna ya kutoitazama kazi ya mikono yake.

Wengi wanaosimulia jaribio hilo huishia hapo, kwamba akili ya binadamu haimudu mambo yaliyofungamana. Mimi najiuliza jambo jingine. Kwa nini dikteta? Kwa nini Mtupi hana mdomo? Katika Tanaland nzima hakuna mzee wa Kimoro anayeweza kuja kumwambia mtawala kwamba kisima kikichimbwa pale mifugo itajazana na majani yatakwisha. Lamu ya kweli ni mji wa karne nyingi, wenye wazee wake, misikiti yake, ugomvi wake na sheria zake za maji na minazi. Lamu ya kwenye kompyuta ilikuwa na idadi ya watu tu. Dörner alikusudia hivyo, maana alitaka kumwona mtawala aliye peke yake na uamuzi wake. Lakini kwa kufanya hivyo alichora, pengine bila kutaka, picha kamili ya namna tulivyotawaliwa.

Kwa sababu jaribio lile lilikwisha kufanywa kwa watu wenye damu. Mwaka 1946 John Wakefield na wenzake wawili walizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia. Serikali ya London ikaupitisha mwaka 1947. Matrekta yaliyobaki vitani yakapelekwa Kongwa. Vichaka vikavunja majembe ya mitambo. Kiangazi kilipofika, udongo wenye mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu kiasi cha kuzuia karanga zisichimbike. Mvua ilikuwa haba, kama Wagogo wa huko walivyojua tangu enzi za mababu zao. Mpango ukafungwa mwaka 1951, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Tazama mpangilio wake: maswali machache mwanzoni, amri nyingi baadaye, na kila amri kubwa kuliko iliyotangulia. Hakuna aliyehitaji kompyuta kuyajua hayo. Ilitosha kukaa chini na mkulima wa Kongwa kwa msimu mmoja.

Upande wa Kenya kuna Mto Tana wa kweli, wenye Wapokomo wanaolima kandokando yake na Waorma wanaoleta ng'ombe kunywa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Bura. Awamu ya kwanza ilikusudiwa kuwa hekta 6,700. Gharama zikapaa, na zilizotengenezwa zikawa kama 2,500 tu. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, katika delta ya mto huohuo, mapigano ya Wapokomo na Waorma juu ya malisho na maji yaliua zaidi ya watu 100, watoto wakiwemo. Nayataja haya ili msomaji asidhani Tanaland ni kichekesho cha maabara. Wale waliokuwa namba kule Ujerumani, huku wana majina na makaburi.

Dörner aliendelea. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya Lohhausen, mji mdogo wa kubuni wa Kijerumani wenye watu 3,700 hivi na kiwanda cha saa. Watu 48 waliuongoza kama mameya, kila mmoja kwa miaka kumi ya mchezo. Vipimo vya akili vya kawaida havikusaidia kubashiri nani angefaulu. Waliofaulu waliuliza mara nyingi zaidi kwa nini, wakalishikilia jambo moja hadi walielewe. Walioshindwa walirukaruka: leo kiwanda, kesho bwawa la kuogelea, kesho kutwa simu za mtaani, kila tatizo likiachwa mara tu lilipoanza kuuma.

Kuanzia miaka ya 1990 vyuo vingi vya sera za umma vilichukua njia hii kwa bidii. Zoezi lililoenea kuliko mengi ni lile liitwalo World Climate, lililotungwa na shirika la Climate Interactive pamoja na John Sterman wa MIT, mrithi wa Forrester katika kazi ile. Washiriki wanakuwa wajumbe wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi. Wajumbe wa nchi tajiri wanakuta meza yenye kitambaa na vitafunio. Wajumbe wa nchi maskini wanakalishwa sakafuni, bila kitu. Wanajadiliana, wanaahidi kupunguza hewa chafu, na ahadi zao zinaingizwa palepale kwenye modeli iitwayo C-ROADS, ambayo inachora mstari wa joto hadi mwaka 2100. Raundi ya kwanza ahadi huwa finyu. Mwezeshaji anasoma kina cha bahari kitakachotokea, halafu anachukua turubai la buluu na kuwafunika nalo wale walioketi sakafuni.

Hakuna anayehitaji kuelezwa turubai lile ni nini. Nusu ya ukumbi inacheka, kisha kicheko kinakatika, kwa sababu chini ya turubai kuna mtu aliyekuwa akiongea nawe dakika tano zilizopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha washiriki 2,042 katika nchi nane, ulikuta kwamba asilimia 81 ya washiriki waliongezewa ari ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Naamini matokeo hayo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba C-ROADS iko wazi: mshiriki anaweza kuuliza kwa nini mstari umepanda, akaonyeshwa dhana iliyoupandisha, akaibishia. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza kuheshimu akili ya mtu mzima.

Na wapo waliokwenda mbali zaidi. Kwenye bonde la Mto Senegali, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya Kifaransa ya CIRAD, akiwemo Patrick d'Aquino, walifanya kazi na wakulima, wafugaji na viongozi wa halmashauri za vijijini waliokuwa wakigombania ardhi ya delta baada ya umwagiliaji kupanuka. Badala ya kuleta mchezo uliokwisha kutungwa, waliwaachia wenyeji wautunge. Mfugaji alieleza mnyama wake anahitaji maji kiasi gani, akifuata njia gani, majira gani. Mkulima wa mpunga alieleza yake. Hayo yakawa kanuni za mchezo wa meza, watu wakaucheza, wakabishana, wakarekebisha kanuni pale zilipodanganya. Ndipo kompyuta ikaletwa, kuonyesha kanuni zilezile zitazaa nini baada ya miaka. Aliyekuwa hajui kusoma aliweza kusimama na kusema pale mmekosea, mimi sipitii huko, na modeli ikabadilishwa kwa neno lake. Kwangu hiki ndicho kilele cha historia yote hii, na ni jambo la kusikitisha kwamba hakijulikani huku kwetu hata kwa robo ya namna SimCity inavyojulikana.

Kizuizi kilichobaki ni kile cha Pentagon: somo linapatikana, lakini halimgusi mwenye uamuzi. Julai 2004 maofisa wa Louisiana na wa serikali kuu ya Marekani walikusanyika Baton Rouge kwa zoezi la siku tano kuhusu kimbunga cha kubuni walichokiita Pam, kinachoipiga New Orleans. Zoezi liliona kingo za maji zikizidiwa, mji ukizama, na watu wengi wasio na magari wakibaki ndani. Kazi ya kuyageuza hayo kuwa mipango ilisuasua kwa uhaba wa fedha. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kikafika, na waliobaki ndani ya maji walikuwa walewale waliotajwa.

Nasi tunayo yetu. Kuanzia tarehe 11 hadi 14 Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, iliendesha zoezi kubwa mpakani Namanga. Hadithi yake ilikuwa mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa unaovuka kutoka nchi moja hadi nyingine. Madaktari wa watu na wa mifugo, maofisa wa uhamiaji, polisi na wasemaji wa serikali, wa Tanzania na wa Kenya, walifanya kazi ya kweli juu ya wagonjwa wa kubuni: kupeana taarifa, kupima, kutangaza kwa wananchi, kuweka mpaka wazi bila kuupitisha ugonjwa. Lilikuwa zoezi zuri na waliolifanya walilifanya kwa moyo.

Haukupita mwaka, UVIKO-19 ikaingia. Mei 2020, Namanga ileile, malori yalipanga foleni ndefu, madereva wakilala chini ya matela. Majibu ya vipimo vya upande mmoja hayakukubaliwa na upande wa pili. Tarehe 16 Mei Kenya ikatangaza kuufunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na wakuu wa mikoa na mawaziri wakawa wanakutana mpakani kutafuta masharti ambayo zoezi la Juni lilikuwa limeyagusa. Maofisa wa mpakani walijua la kufanya. Maamuzi yaliyokwamisha malori yalitoka kwenye miji mikuu, kwa watu wenye vyeo vya juu kuliko wale waliokuwa wamevaa mavazi ya kinga Juni ile.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa wenye vyeo. Diwani akishaapishwa leo, bajeti ya kwanza anayoigusa maishani ni ya kweli, yenye dawa za kweli na madawati ya kweli ya watoto. Chuo cha Serikali za Mitaa pale Hombolo na chuo cha serikali cha Kenya pale Kabete vina kumbi, vina walimu, na kompyuta moja na ramani moja ya wilaya vinatosha kuanzia. Wakalishwe madiwani na wakurugenzi wao siku mbili au tatu mbele ya halmashauri ya kubuni yenye ukame, mfugaji, mkulima na mwekezaji, na wasiruhusiwe kutuma wawakilishi. Wafugaji na wakulima wenyewe waitwe siku kanuni zinapoandikwa, kabla ya mtaalamu kufungua programu yake. Na mkuu wa mkoa akija kufungua zoezi, asipewe kipaza sauti kisha akaondoka na msafara. Apewe kiti, apewe wizara ya kubuni, akae hadi maswali ya mwisho yaulizwe.